Pale Udongo Ulipobadilika Rangi

Mjomba alinionya mara mbili. Mara ya kwanza tulikuwa bado juu ya kilima, magurudumu yakikwaruza mchanga mweupe, akanyoosha kidole kwenye kioo cha mbele na kusema, "Mpwa wangu, kule chini ni mbuga. Punguza." Mara ya pili hakusema neno. Alishika tu ule mshikio wa juu ya mlango kwa mkono wa kushoto, mkono uleule ambao jioni ya siku hiyo ulifungwa plasta.

Nilimsikia, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilimsikia vizuri, nikajiambia nitapunguza tukifika.

Ilikuwa Machi 2023. Tulikuwa tunakwenda kumzika binamu yangu katika kijiji kimoja cha ndani, wilaya ya Magu, na mazishi yalipangwa saa saba mchana. Mvua ya alfajiri ilitukawiza kutoka Mwanza. Pale Igoma foleni ya daladala na malori ikatula nusu saa nyingine. Kisesa tukaipita, Nyanguge tukaipita, lami ikiwa imeanza kukauka katikati huku maji yamebaki kwenye mikondo iliyochimbwa na magurudumu ya malori. Mahali fulani kabla ya Magu mjini tairi za kushoto ziliingia kwenye dimbwi la namna hiyo nikiwa kwenye 80 hivi kwa saa. Usukani ukawa mwepesi ghafla, kana kwamba nimeshika sahani. Haikufika hata sekunde moja. Mama mdogo, aliyekuwa kiti cha nyuma pamoja na masufuria ya msibani, akaita, "Yesu!" Mimi nikalalamika kuhusu barabara, nikakanyaga mafuta.

Sasa najua kilichotokea pale. Mifereji ya kwenye tairi kazi yake ni kuyatoa maji chini ya tairi ili mpira uguse barabara. Ukienda kasi kuliko mifereji hiyo inavyoweza kutoa maji, tairi linapanda juu ya maji na gari linaelea. Na tairi lenyewe linagusa ardhi kwa eneo dogo sana, kama kiganja cha mkono. Watu wanne na masufuria yao, roho zote zile, zimebebwa na viganja vinne vya mpira.

Matairi yangu yalikuwa na kasoro nyingine, ambayo niliilipia kwa pesa yangu. Miezi miwili kabla ya safari nilikuwa na uwezo wa kununua matairi mawili tu. Fundi aliyenifungia aliyaweka mbele, kwa sababu gari langu dogo linavutwa na magurudumu ya mbele. "Mbele ndiko kwenye kazi," aliniambia, na ukiuliza mafundi kumi barabarani sidhani kama utapata wawili watakaokwambia tofauti. Yale ya nyuma yalibaki yaleyale ya zamani, karibu vipara. Nikaona nimefanya jambo la maana. Kumbe nimeipa sehemu ya mbele ya gari mshiko mzuri na nimeuacha mkia bila kitu cha kuushikilia. Watengenezaji wa matairi wenyewe hushauri kinyume chake: ukinunua mawili, mazuri yaende nyuma. Mbele ikiteleza, gari linang'ang'ania kwenda mbele tu na dereva anaweza kuhisi na kupunguza. Nyuma ikiteleza, gari linageuka, na wengi wetu hatujafundishwa la kufanya.

Baada ya Magu tuliacha lami. Hapa lazima nieleze udongo, kwa sababu ajali yangu ilikuwa ya udongo kabla haijawa ya gari.

Wasukuma wana majina ya udongo wao kadiri unavyoshuka kilima. Juu, karibu na mawe, kuna luseni, mchanga wa rangi nyepesi ambao hunywa maji upesi. Ukishuka unakuta itogolo, udongo mgumu wa katikati. Chini kabisa bondeni ndiko kwenye mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi ambako watu wanachimba majaruba ya mpunga. Mjomba amelima pamba na mpunga tangu ujana wake, majina haya anayo mdomoni kama majina ya wanawe. Kwa dereva maana yake ni kwamba barabara moja ya vumbi, ndani ya kilomita mbili, ni barabara tatu. Mvua ileile iliyokaza mchanga wa juu hadi gari likashika vizuri kuliko siku ya jua, bondeni imeipaka mbuga sabuni.

Na si lazima iwe mvua kubwa. Mvua kubwa inakutisha, unaona maji, unasimama. Iliyonipata mimi ilikuwa mvua ndogo, ya kulowesha sentimita moja au mbili za juu huku chini pamebaki pagumu kama sakafu. Ute mweusi juu ya sakafu. Halafu ule ute unanata: mzunguko mmoja au miwili ya gurudumu, mifereji yote imejaa, na hapo tairi jipya na tairi kipara yanalingana.

Kule juu mchanga ulinidanganya. Gari lilikuwa limetulia, usukani mzito mkononi, nikashuka na 60. Kwa mwendo huo gari linakula karibu mita 17 kila sekunde. Nilipouona udongo umebadilika rangi, mstari kabisa, mweupe huku na mweusi kule, ulikuwa mbele yangu kama mita ishirini. Nikakanyaga breki hapohapo kwenye mteremko, matairi ya mbele yakiwa tayari kwenye weusi.

Pedali ilitetemeka chini ya mguu wangu. Ilikuwa ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, ikifanya kazi yake, lakini mimi nilikuwa sijawahi kuisikia, nikadhani kitu kimekatika. Nikaachia, nikakanyaga tena kwa nguvu zaidi. Uzito wote wa gari ukaja mbele, nyuma ikawa nyepesi, na mkia ukaanza kutoka upande wa kulia, polepole, kwa upole wa ajabu. Hakukuwa na mlio wa tairi kama kwenye lami. Kimya tu. Nakumbuka nilisikia mfuniko wa sufuria ukitembea.

Nikazungusha usukani kulia, ambako ndiko kulikokuwa sahihi, ila niliuzungusha wote, kwa hofu, na mguu bado uko kwenye breki. Mkia ukarudi. Haukuishia katikati, ukapita, ukaja upande wa kushoto kwa kasi mara mbili ya mwanzo. Na mbele yetu, ukingoni mwa barabara, alikuwepo kijana mwenye baiskeli na madumu mawili ya maziwa.

Nilimtazama. Sikuweza kutazama kitu kingine. Gari likaenda kwake.

Aliiacha baiskeli na kuruka ndani ya jaruba. Tulipita palepale alipokuwa amesimama, tukaigonga baiskeli kwa ubavu, tukavuka kingo, tukaingia kwenye mpunga na kulala kwa upande wa kushoto, matope mpaka kwenye vioo. Mjomba alikuwa amefunga mkanda, mimi pia. Kifundo cha mkono wake kilivunjika kwa kung'ang'ania ule mshikio. Mama mdogo hakufunga. Nyuma huwa hatufungi, na sijui nani alitwambia kwamba kiti cha nyuma hakina ajali. Paji la uso lilipasuka kwenye ukingo wa sufuria. Jirani yetu aliyekuwa pembeni yake alitoka na michubuko.

Watu walitokea sijui wapi, wanawake waliokuwa wakipalilia, watoto, wazee. "Mayu, pole. Mayu, zima gari kwanza." Mayu ni mama kwa Kisukuma. Walimtoa mama mdogo kupitia dirishani. Bodaboda mbili ziliwachukua yeye na mjomba mpaka kwenye lami, wakapata gari la kuwapeleka hospitali. Nyuzi saba kwenye paji la uso, plasta wiki sita kwenye mkono, kisha wakarudi nyumbani. Binamu yangu alizikwa sisi hatupo.

Gari lilivutwa na maksai, jozi mbili zilizofungwa mnyororo kwenye ndoano ya mbele. Walitaka elfu arobaini, nikatoa hamsini. Mwenye jaruba alikuja na kupima kwa hatua mpunga uliolala, akataja bei yake kwa sauti ya chini kama mtu anayeona aibu kudai, ilhali jasho ni lake. Nikamlipa. Kijana wa maziwa nikamlipa baiskeli na maziwa. Alikuwa anatetemeka, matope mpaka kifuani, nami nilikuwa natetemeka. Nilipomwomba msamaha akanijibu jambo ambalo sikulielewa mpaka baadaye.

"Nilikuona macho, mayu. Ulikuwa unanitazama mimi tu. Ndiyo maana nikaruka."

Mdogo wangu anaishi Uswidi, kaskazini, mwaka wa tisa sasa. Alipiga simu usiku ule kuuliza hali ya mama mdogo. Baada ya pole zote akaniuliza, "Dada, gari lilipoanza kuteleza ulikuwa unatazama wapi?" Nikanyamaza. Nilikuwa nimelisikia swali hilohilo mchana, kwa namna nyingine, bondeni.

Akanieleza kwamba kule mtu hapati leseni bila kupita kwenye mafunzo ya hatari, na sehemu ya mafunzo hayo unapelekwa kwenye uwanja wenye utelezi uliotengenezwa makusudi, unaambiwa uendeshe, unateleza, mwalimu yuko pembeni yako. Jambo la kwanza walilomfundisha ni macho: tazama unakotaka kwenda, kamwe usitazame unachoogopa kukigonga, kwa kuwa mikono hufuata macho bila kukuomba ruhusa. Alisema barafu ngumu ilikuwa haimtishi sana kama ile theluji iliyoanza kuyeyuka, pale baridi inapokaribia nyuzi sifuri, ikachanganyika na maji, chumvi na mchanga wa barabarani ikawa kama uji mzito uliopoa. Uji huo unajaa kwenye mifereji ya tairi. Magari yaliyotangulia yanauchimba mikondo miwili, na katikati na pembeni unabaki umerundikana. Ukihama mkondo kidogo tu, gurudumu moja linazama kwenye uji na kuvutwa, lile la pili liko kwenye lami tupu, gari linapinda lenyewe. Sheria ya kule, kati ya Desemba 1 na Machi 31 hali ya barabara ikiwa ya baridi, inakudai matairi ya majira ya baridi yenye kina cha mifereji kisichopungua milimita 3. Kwa matairi ya kawaida ni milimita 1.6.

Nilikuwa nasikiliza huku nimekaa kwenye ngazi ya nyumba Nyegezi, joto la Machi, vyura wakilia upande wa ziwani, na kila neno alilosema kuhusu theluji nililiona kwenye matope yangu. Mifereji iliyojaa. Gurudumu moja linalovutwa. Nilimwambia, "Hiyo ni mbuga yetu kabisa, imepoa tu." Akacheka, kisha akalia, kwa sababu mama mdogo ndiye aliyemlea.

Asubuhi yake nilitoka na sarafu kwenda kupima matairi ya nyuma, kitu ambacho ningeweza kukifanya siku yoyote. Ndani ya mifereji mikubwa ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira vilivyoachwa na kiwanda. Mpira wa juu ukishakwisha mpaka kulingana na vinundu hivyo, umebakiwa na milimita 1.6, yaani tairi limekwisha kazi. Langu moja lilikuwa limelingana navyo, kwenye la pili hata vinundu vyenyewe havikuonekana tena. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Yalikuwa ya mwaka 2011. Nilikuwa nimebeba mama yangu mdogo juu ya mpira wa miaka kumi na miwili. Siku hiyo sikuweza kula.

Nilinunua mawili mengine kwa mkopo wa kikundi chetu cha akina mama. Halafu nikamtafuta dereva mmoja mzee anayeendesha lori la kifusi, rafiki wa marehemu baba, nikamwomba anifundishe kuteleza. Alinishangaa kidogo, kisha akakubali. Tulikwenda kwenye kiwanja kipana cha udongo nje kidogo ya Buhongwa, siku mbili baada ya mvua, hakuna mtu, hakuna mti wala mtaro. Mwendo wa 20. Akaniambia nikate kona na kukanyaga breki.

Mara kumi za kwanza nilifanya yaleyale ya mbugani. Mguu ulibaki kwenye breki kama umepigiliwa msumari. Mzee hakugomba. Alisema tu, "Gari haliondoki bila kuaga. Sikiliza linavyoaga." Na kweli linaaga: usukani unapoteza uzito, sauti ya magurudumu inabadilika kutoka kukwaruza hadi kunong'ona, kiuno chako kinahisi kiti kinahama kabla macho hayajaona chochote. Muda huo ni mfupi, lakini unatosha kuondoa mguu kwenye mafuta na kuuzuia usirukie breki. Mkia ukitoka kulia, usukani kulia, kidogo. Ukianza kurudi, nawe rudisha, usiungoje ufike katikati kwanza. Ikiwa ni mbele kunakoteleza, yaani umekata kona na gari linaendelea mbele moja kwa moja, kuzidi kukata hakusaidii. Legeza mafuta, nyoosha usukani kidogo mpaka uhisi tairi zimeuma tena, ndipo ukate. Na pedali ikitetemeka kwenye dharura, usiiachie. Ila ujue kwamba kwenye matope ABS inaweza kukubakizia uwezo wa kukata usukani bila kukupunguzia umbali wa kusimama.

Kufika saa kumi jioni mikono yangu ilikuwa imeanza kuelewa. Nasema mikono, kwa kuwa kichwa kilielewa tangu asubuhi na hakikusaidia.

Lakini nilipomuuliza mzee, je, siku ile ningeyajua haya yote, ningemkosa yule kijana? Alifikiri kwa muda mrefu. Akasema, kwa 60, kwenye mteremko, kwenye mbuga mbichi, yeye mwenyewe na miaka yake thelathini ya usukani asingeahidi. Kazi ilikuwa imalizikie kule juu kwenye mchanga, tairi zikiwa bado zinashika: kupunguza hadi mwendo wa mtu anayekimbia, kuingiza gia ndogo mapema ili injini ndiyo ishikilie gari, kisha kushuka bila kugusa kitu. Mbugani hapafanywi uamuzi mpya. Unaingia na uliouamua kilimani.

Ndilo alilolisema mjomba kwa neno moja.

Arobaini ya marehemu ilifika mwishoni mwa Aprili, mvua bado zipo. Nilimpigia mjomba kumwambia nitakodi gari kubwa lenye dereva. Akakataa. "Utaendesha wewe," akasema, "na mimi nitakaa palepale." Mama mdogo naye akapanda, kovu bado jekundu, akafunga mkanda kabla sijawasha gari na kuuvuta mara mbili kuujaribu.

Usiku wa kuamkia siku hiyo ilinyesha. Tulifika juu ya kilima kama saa nne, nikasimamisha gari kwenye luseni, hatua kama thelathini kabla ya ule mstari wa rangi. Mjomba alishuka na fimbo yake. Alitembea taratibu mpaka kwenye weusi, akaichoma fimbo, akaizungusha, akaichomoa na kuitazama ncha. Akarudi akitikisa kichwa. "Bado."

Tukakaa chini ya mwembe. Mama mmoja alikuwa anauza matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga, tukanunua, tukala, tukangoja jua. Hakuna aliyetaja saa. Bodaboda moja ilishuka mbele yetu, ikapepesuka chini, dereva akatoa miguu yote miwili kama bata anayetua, akapita salama. Mjomba alimwangalia mpaka akapotea, akaguna.

Saa sita na nusu alishuka tena na fimbo. Safari hii ncha ilitoka na udongo unaomomonyoka, akausagia kati ya vidole vya ule mkono uliopona, akanionyesha.

"Twende. Polepole."

Niliingiza gia ndogo nikiwa bado juu ya mchanga. Nilitazama mbali, ng'ambo ya kalavati, barabara inakopanda tena kuwa nyeupe, na sikuyaondoa macho pale mpaka tulipofika. Hapo ndipo niliposimama na kugeuka. Kwenye lile jaruba mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke, wote, isipokuwa mistari miwili.